Vibao vya Ndala

Hapo zamani, na sisemi zamani za mababu, nasema juzi tu, chuo kimoja cha ufundi huko milimani kilikuwa na ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Kuruka iliruka vizuri. Shida ilikuwa kutua. Uwanja ulikuwa mfupi, mwisho wake migomba, basi kila ikishuka ilipitiliza ikajikita migombani.

Mrushaji alikuwa mwanafunzi aitwaye Sekela. Mkuu wa chuo alitangaza kwamba ikitua salama Jumamosi, mtu mmoja, mmoja tu, ataipeleka mashindanoni Dodoma. Sekela hakuwahi kutoka nje ya wilaya yao. Aliitaka safari ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Fundi seremala wa chuo, Ambakisye, akakata ndala zake mwenyewe, akachonga vibao viwili, akavifunga nyuma ya mabawa. Vikishushwa kwa rimoti, mwendo unapungua. Siku hiyo fundi alirudi kwake pekupeku.

Sekela akajaribu. Akashusha vibao, ndege ikainua pua; akaogopa, akavirudisha ghafla. Loo, ikaanguka puu! Fundi akaunga. Akajaribu tena, akaogopa tena, ikaanguka tena. Fundi akaunga tena, sasa amenuna. Tumpe, rafiki yake Sekela, alikuwa akiandika kila anguko daftarini. Ndiye aliyegundua kwamba vibao havina ubaya, ubaya ni kuvirudisha ghafla.

Jumamosi watu wakajaa. Sekela akashusha vibao, ndege ikapanda, kidole chake kikakimbilia kuvirudisha.

"Viache," Tumpe akamwambia. "Sukuma pua chini, taratibu."

Mwili mzima ulikataa, lakini akasukuma. Ndege ikashuka polepole, ikagusa nyasi, ikasimama hatua tatu kabla ya migomba. Sekela akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Mkuu akauliza nani aende. Fundi akasema bila ndala zake wangekuwa bado wanaokota vipande migombani. Tumpe akasema kama angenyamaza, wangeokota vipande vilevile uwanjani.

Sekela akafuta machozi. "Yote kweli," akasema. "Lakini ingeanguka, mngesema nimeiangusha mimi. Sasa imetua, mbona tumeishusha wote?"

Mkuu akakuna kichwa. Nafasi ni moja, na wote watatu wanamtazama. Haya, nyie mnaonisikiliza kana kwamba hayawahusu: je, nani alistahili kwenda?