Mbinu Nne za Kumwinda Nguruwe Mweusi Msimu wa Kipupwe

— Nimwage nisimwage?
— Mwaga!
— Nikimwaga mtazoa?
— Tutazoa!
— Na yule anayesinzia pale nyuma?
— Tutamfinya!

Haya, mfinyeni kabisa, maana hadithi hii ina kucha.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana, paliishi Simba mmoja dume mwenye wake saba. Wake wakiwinda, yeye amelala. Wake wakikimbia, yeye amelala. Wake wakiangusha nyati, hapo ndipo anaamka, anajinyoosha, anakwenda kula wa kwanza. Anakula nyama, anakula mafuta, anakula na mifupa, watoto wanabaki kulamba majani. Siku moja wake wakachoka. Wakamwambia, "Baba, kuanzia leo winda mwenyewe," wakaondoka na watoto wao wala hawakugeuka nyuma.

Awinde mwenyewe! Siku ya kwanza akamkimbiza swala, akajikwaa. Siku ya pili akamvizia pundamilia, akapiga chafya. Siku ya tatu tumbo lake lilikuwa linanguruma kuliko yeye. Ndipo akafika kwenye majabali ya pimbi.

Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, hakana mkia, kazi yake kuota jua juu ya mawe. Alasiri ile walikuwa wanaota jua wote, maana ilikuwa kipupwe na baridi ilikuwa haijawatoka mwilini. Kivuli kikapita. Wakaingia kwenye nyufa, fyu, fyu, fyu! Tindi, mtoto wa mwisho wa Mama Tindi, hakuwahi. Guu la Simba likamshukia mgongoni, tap!

Mama Tindi alikuwa ndani ya ufa, salama salimini. Akasikia "nyii!" Akaijua ile sauti. Moyo ukampasuka, akatoka nje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usinipigie porojo, nina kazi."

"Kula tu, Mzee. Lakini huyo ni tonge moja. Utammeza, utalala njaa, na kesho sisi tumeshahama. Mimi namjua Nguruwe mweusi."

Masikio ya Simba yakasimama. "Mweusi kiasi gani?"

"Mweusi kama sufuria ya msibani. Na huu ni msimu wake. Viazi vimekomaa, anakula usiku na mchana, amenona mpaka tumbo linafagia njia. Mimi kutwa nakaa juu ya jiwe nawaangalia wawindaji wanavyowinda. Niachie mwanangu, nikufundishe."

Simba alikuwa na njaa, lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. "Nifundishe kwanza. Mtoto nakaa naye mimi. Jua likigusa ule mlima sijamla Nguruwe, nammeza huyu, halafu wewe."

Akambeba Tindi kwa meno. Mama Tindi akatangulia. Nyuma yake akasikia mate ya Simba yakimdondokea mwanawe, do, do, do. Hakuthubutu kugeuka.

Wakafika kwenye shamba la viazi la mwanamke mmoja aitwaye Tusekile. Sasa niwaambie siri, ila asisikie Simba. Tusekile na kaka zake walikuwa wamechimba shimo pale siku nne, kina chake watu wawili wamesimama mmoja juu ya mwingine. Juu wakalaza fito nyembamba, wakatandaza majani, wakanyunyiza udongo. Mama Tindi aliyaona yote kutoka juu ya jiwe lake. Alijua pimbi atapita juu ya zile fito, na simba hatapita. Lakini alijua na jambo jingine: Simba akitumbukia na Tindi, wanakwenda wote wawili.

"Haya," akanong'ona. "Mbinu ya kwanza, Mzee, ni upepo. Utoke kwake uje kwako. Ukitoka kwako kwenda kwake, umekula hasara."

Simba akanusa. Wakazunguka, wakazunguka, mpaka upepo ukawapiga usoni. Shimo likawa mbele yao.

"Haya, nimeipata," akasema Simba. Akamtua Tindi chini, akamkanyaga. Nyii!

"Mbinu ya pili, usimfuate. Kaa palipo na chakula chake, atakuja mwenyewe."

"Haya, nimeipata." Akakanyaga zaidi. Nyii!

"Mbinu ya tatu, tulia. Chungu akikupanda puani, tulia. Nzi akikuingia sikioni, tulia. Nguruwe huona kitu kinachotikisika."

"Haya, nimeipata." Nyii!

Jua likashuka. Lilikuwa limebakiza upana wa kiganja tu kufika mlimani.

"Na ya nne?" akauliza Simba.

"Ya nne ni desturi. Ndivyo ilivyo kwa wawindaji wote. Anayefundisha ndiye anayeonja kwanza. Mimi nitatangulia. Wewe ukae hapa hapa, usinyanyuke, mpaka nikuite."

"Nani aonje kwanza?"

"Mimi, Mzee."

Simba akamtazama kuanzia pua mpaka pale ambapo mkia ungekuwepo. "Haya," akasema, "nimeipata." Lakini ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jua likashuka tena. Chungu akampanda Simba puani, akatulia. Nzi akamwingia sikioni, akatulia. Mama Tindi akautazama mlima, akamtazama mwanawe, akautazama mlima.

Ngru, ngru, ngru.

Vichaka vya ng'ambo vikafunguka, akatokea Nguruwe mweusi. Mweusi kweli, mnene kweli! Alikuwa mzee wa siku nyingi. Akanusa ukingo wa shimo, akasikia harufu ya mikono ya watu, akasimama palepale ng'ambo, akaanza kufukua viazi. Mgongo kawapa wao.

Mama Tindi akaondoka. Nya, nya, nya, juu ya majani. Fito zikapinda chini ya miguu yake. Nya, nya, nya. Baridi ya shimo ikampanda tumboni. Nya, nya, nya, akavuka. Nguruwe akamtupia jicho, akaona ni pimbi tu, akarudi kwenye viazi vyake.

Mama Tindi akageuka. Macho ya Simba yalikuwa makavu, yamemkodolea. Guu lilikuwa juu ya Tindi.

Akafungua mdomo karibu na paja la Nguruwe. Guu bado lipo.

Akanyoosha shingo. Guu bado lipo. Jua likagusa mlima.

Basi akageuza uso upande wa Simba, akafumba macho, akaanza kutafuna. Hakuwa na kitu mdomoni, hata jani! Akatafuna taratibu, akatafuna shavu hili, akahamishia shavu lile, akameza, akalamba midomo.

Tangu Simba azaliwe, hakuna aliyewahi kula mbele yake, yeye akiwa anatazama. Upepo akausahau, utulivu akausahau, na Tindi akamsahau.

"MIMI KWANZA!"

Akaruka kwa miguu yote minne. Kach! Kach! Kach! Puuu!

Nguruwe huyooo, ng'wiii, akapotea vichakani na kiazi mdomoni. Vumbi likatulia. Mama Tindi akazunguka shimo mbio, akamkuta Tindi amejikunja kama kitambaa cha jikoni. Akamnusa, akamlamba. Mzima! Alama moja tu ya kucha mgongoni. Akalia machozi ya furaha, kisha akamchapa kofi.

"Nilikwambia usiote jua mbali na ufa!"

Kutoka chini ya ardhi ikaja sauti. "Mama Tindi? Nguruwe umemwacha hapo juu?"

Mama Tindi alimwongoza mwanawe mpaka nyumbani, naye alilala usiku ule amemkalia.

Asubuhi Tusekile akaja na kaka zake, akachungulia shimoni. "Jamani, njooni. Nguruwe gani huyu mwenye ndevu?" Walichomfanya sikuambiwa, nami sikuuliza, maana sipendi umbea.

Hadithi yangu imekwisha, nimekung'uta nguo. Ikiwa nzuri, gawaneni. Ikiwa mbaya, niachieni niile kiporo.

Fundisho mnalitaka? Uongo ni mbaya sana, wanangu. Mama Tindi hakusema neno hata moja la uongo. Upepo ulikuwa upepo, Nguruwe alikuja, na alimkataza Simba asinyanyuke. Basi na nyinyi semeni kweli siku zote, mradi kwanza mchague vizuri pa kusimama.