Jumapili za Annastella

Ahadi ni deni, na deni hilo halingoji muhuri ndipo lidaiwe. Wapo wakubwa wa ofisi wanaodhani neno la mdomo ni moshi, likishatoka limepotea.

Annastella alikuwa mhudumu katika kitalu kimoja cha umma cha miche ya kahawa wilayani Muleba. Barua yake ya ajira ilimtaka kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Hata hivyo, kwa miaka mitatu alimwagilia miche Jumamosi, na hata Jumapili baada ya misa, kwa sababu mkuu wa kitalu, Bwana Rutaihwa, alikuwa amemwambia, "Nisaidie, mwanangu. Nafasi ya masomo ikija, jina la kwanza ni lako." Wenzake walipomwona, nao wakajituma kama mchwa.

Nafasi ilipokuja, akapelekwa mpwa wa Rutaihwa, ambaye hakuwa na hata miezi minne kazini. Annastella alipouliza, mkuu hakuinua macho.

"Ahadi gani? Nionyeshe niliposaini."

Annastella alitoka. Hakugombana na mtu. Alifanya kazi yake barabara, na Ijumaa jioni akaenda zake nyumbani. Wenzake wakamfuata, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kila wikendi miche ilikaa siku mbili bila tone la maji. Sikukuu ya wakulima ya Nane Nane ilipoangukia Ijumaa, ikakaa tatu. Rutaihwa, aliyeshinda mikutanoni Bukoba, aliamini kuna atakayemwagilia tu.

Mvua za vuli zilipokaribia, Kokubanza, mjane kutoka kijiji cha Kagoma, alifika kuchukua miche mia mbili aliyoandikishwa. Alikuta zaidi ya nusu ya miche imekauka, na iliyobaki ni ya walioandikishwa kabla yake.

"Mashimo nimechimba kwa mikono hii," alisema. "Nani atanijibu?"

Rutaihwa akamgeukia Annastella. "Kwa nini hukumwagilia Jumapili?"

"Jumapili zile hazikuwa za barua, mkuu. Nilikupa kwa neno lako, na neno lako umelikana."

Kokubanza alimtazama mkuu yule kutoka utosini hadi kwenye viatu vyake vilivyong'aa. "Kumbe umemdhulumu huyu, na mimi nikaumia."

Wilaya ilipotuma watu kuchunguza, hakuna mfanyakazi aliyemkingia kifua. Rutaihwa alivuliwa ukuu. Lakini mvua zilinyesha kwenye mashimo matupu ya mjane, ambaye hakumkosea mtu. Kweli, ahadi ni deni, na asiyelipa huwalipisha wasiokopa.