Mwalimu Nyegere Asifiwa Angali Hai

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo nayo ni pakawa? Hata mgonjwa wa hadithi yangu ana sauti kuliko nyinyi. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule yao, palikuwa na mwalimu mmoja, jina lake Nyegere. Mnamjua nyegere? Mfupi, mweusi, mgongo mweupe, na haogopi mtu. Simba akija, yeye hapishi njia. Basi huyo ndiye aliyekuwa Mwalimu. Mkali! Mkali kweli kweli! Lakini hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akaliwa kwa uzembe.

Alimfundisha Ngiri kuingia shimoni. Zamani Ngiri alikuwa akitanguliza kichwa, mnasikia? Kichwa ndani, makalio nje, na Chui alivyoyapenda makalio ya ngiri! Mwalimu akamzaba kibao, pa! "Kinyumenyume! Makalio ndani, meno nje! Rudia!" Ngiri akarudia, akarudia, mpaka akalia.

Alimfundisha Digidigi kukimbia kwa kukata kona. "Kushoto! Kulia! Kushoto! Ukinyoosha moja kwa moja wewe ni kitoweo!"

Na Pimbi je? Pimbi wa majabalini, mdogo, mwoga kuliko wote, hata kuitika jina lake alikuwa anaona haya. Huyo alimfundisha kutazama juu, maana Tai mweusi chakula chake ni pimbi. "Tazama juu, ndipo utafune! Ukimwona, piga kelele! Aibu ya nini?" Pimbi akajifunza kupiga kelele. Wiii! Wiii! Bonde zima linasikia.

Siku zikaenda. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Mwalimu naye akaanza kukonda. Tumbo likamuuma, chakula kikamshinda. Akaitwa mganga, Mzee Nyani. Mzee Nyani akamminya tumbo, akamtazama ulimi, akasema:

"Mwalimu, sikufichi. Ugonjwa huu hauna dawa. Mvua zijazo hutaziona."

Nyegere akasema, "Umefanya vizuri kunieleza. Nipe maji."

Basi! Hakulia, hakulalamika. Huyo ndiye Nyegere.

Habari zikaenea bonde zima. Wanafunzi wake wa zamani wakakutana nyuma ya kilima. Kufanya nini? Kutunga sifa zake! Nchi ile ilikuwa na mila: aliye hai hasifiwi. Kumsifu mtu hai ni uchuro, ni kumwitia kifo. Sifa huwekwa zingoje matanga. Siku ya matanga watu husema mpaka mate yanawakauka, na marehemu kalala zake chini, hasikii hata neno. Mnacheka? Chekeni tu, halafu mjiangalie na nyinyi.

Asubuhi moja Pimbi akampelekea Mwalimu maji. Akamkuta kalala kwenye nyasi, mlangoni pa shimo lake, mifupa mitupu.

"Pimbi."

"Abee, Mwalimu."

"Hivi nyinyi, mlishika kitu?"

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Nimepiga kelele maisha yangu yote. Hajarudi hata mmoja kuniambia somo lilimfaa. Nikiwaona njiani wanainamisha macho, wanapita mbali. Labda nilipiga kelele bure. Kufa sikuogopi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma."

Pimbi akafungua mdomo. Akaikumbuka mila. Akaweka maji chini, akatoka, na njia nzima akalia.

Akaenda moja kwa moja nyuma ya kilima. Akamkuta Ngiri kasimama juu ya kichuguu, kifua mbele, anajifunza hotuba yake mbele ya Digidigi. "Ewe Mwalimu, nuru ya bonde letu..."

"Ngiri, shuka!" akasema Pimbi. "Twendeni tukamwambie leo."

"Uchuro!" akaruka Digidigi. "Wewe Pimbi unataka kumuua Mwalimu?"

"Ugonjwa ndio unaomuua. Sisi tunamnyima kusikia tu. Anadhani alifanya kazi bure!"

Ngiri akatikisa kichwa. "Mila ni mila, dada."

Pimbi akafikiri. "Haya. Mila inakataza kumsifu. Inakataza kumwonyesha somo?"

Wakatazamana. Ngiri akajikuna sikio. "Somo... hapana. Somo halikukatazwa."

Wakaenda. Walipofika, Ngiri akatangulia. Akatafuta shimo, akageuka, kru, kru, kru, kinyumenyume, vumbi pu! Makalio ndani, meno nje!

Mwalimu akainua kichwa. "Mguu wa nyuma umepinda. Rudia!"

Ngiri, baba wa watoto, akatoka akarudia, na machozi yanamtoka. Digidigi akafuata. Kushoto, kulia, kushoto, chwa! chwa! chwa!

"Unapunguza mwendo kwenye kona," akasema Mwalimu. "Utaliwa!"

Zamu ya Pimbi. Akapanda juu ya jabali. Kabla ya lolote, akatazama juu, kama alivyofundishwa. Looo! Kwenye jua palikuwa na doa jeusi, na doa lile linashuka.

"Wiii! Wiii! Tai! Tai!"

Hapo hakuna aliyeuliza. Ngiri, kinyumenyume, ndani! Digidigi, kushoto, kulia, kichakani! Tai akaja, vuuuu! Akapiga jabali kwa kucha, kha! Pimbi yuko wapi? Yumo ndani ya ufa wa jabali, mzima. Tai akashika vumbi. Akageuka amtazame Nyegere. Nyegere, na ugonjwa wake wote, akamwonyesha meno. Tai akaondoka zake, kimya, kaaibika.

Kukatulia. Kisha ikasikika sauti. He! He! He! Mwalimu anacheka.

"Mmebaki wote?"

"Wote, Mwalimu."

Pimbi akashindwa kujizuia. Akapanda tena juu ya jabali, akapaza sauti ileile aliyofundishwa. "Uchuro na uwe uchuro! Mwalimu, mimi ni mzima kwa ajili yako. Wanangu ni wazima kwa ajili yako. Kazi yako haikwenda bure. Asante!"

Wenzake wakafumba macho, wakangoja kifo kije. Wakangoja, wakangoja. Hakikuja.

"Sema tena," akasema Nyegere. "Sikio hili la kushoto halikusikia vizuri."

Ee! Pimbi akasema tena. Digidigi akasema. Ngiri akaja, hotuba yake yote imempotea, nuru ya bonde haikumbuki. Akasema, "Mwalimu, makalio yangu yapo. Asante." Nyegere alicheka mpaka akashika tumbo lake lile bovu.

Tangu siku hiyo mlango wake haukukosa mtu. Wanakuja, wanasema, wanalia, wanagombezwa, wanaondoka. Na mvua zilipokaribia, Mwalimu Nyegere akafa kama Mzee Nyani alivyosema. Lakini alikufa anajua.

Matanga yakawekwa. Ngiri akaitwa kuhutubia. Akasimama, akawatazama watu. "Mimi langu nilimwambia mwenyewe." Akakaa. Digidigi naye, "Mimi pia." Wote hivyo hivyo. Chakula kikaletwa. Pimbi akatazama juu, ndipo akatafuna.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: aliyekufundisha, mshukuru angali anasikia. Ukishamzika, utakuwa unaongea peke yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye sinia la matanga. Na wewe unayefuta macho hapo mlangoni, mwalimu wako si yupo? Hadithi imekwisha, unangoja nini? Ondoka, nenda kwake.