Kanga Isiyofuliwa

Mbeleko husifiwa na abebwaye.

Methali hii ilianza hivi. Lakini subiri kwanza, maana Mzee Mwinchande hajapata kuanza hadithi bila kujisifu, na siku hiyo alijisifu kwa pumzi mbili.

"Miaka hamsini nauza kanga hapa Pangani," alisema, akiipigapiga meza ya duka lake kana kwamba anaiita itoe ushahidi. "Sijapata kumchagulia mtu mbeleko, mtoto akalia. Hata mmoja! Kama yupo, aje anivue kofia hii mbele ya watu."

Waliomsikiliza walikuwa Nuru na mumewe Semboja, na binti yao wa miezi minne ambaye hakumsikiliza mtu yeyote. Yeye alikuwa akilia. Walishamtia kwenye mkoba wa mikanda wenye vifungo vingi kama gwanda la askari, akalia. Wakalegeza mikanda, akalia. Wakaikaza, akalia kwa sauti nyingine. Asubuhi ile bibi yake Nuru aliwatazama wakipigana na vifungo, akasema methali hiyo. Walipomwuliza imetoka wapi, akawajibu, "Kamwulizeni muuza kanga wa sokoni. Nawafuata. Magoti yangu hayana haraka."

Mzee Mwinchande alivuta rafuni kanga ya manjano, mpya, inayong'aa. "Mbebe na hii, mjukuu wangu. Ila usiifue kwanza, itapoteza sura."

Nuru akamfunga mtoto mgongoni, naye Mzee akaanza kusimulia.

Alikuwapo Mwanjaa, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyeolewa na fundi seremala aitwaye Mbaruku. Kusikia majina hayo, Nuru akamkonyeza mumewe. Mbaruku alikuwa mtu mwema, ila alimwogopa shangazi yake kuliko msumeno. Na shangazi mwenyewe, Bi Somoe wa Muheza, hakuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Akiingia nyumbani, hata kuku walijipanga.

Mwanjaa alipojifungua mtoto wa kiume, Mgaza, Bi Somoe alikuja na doti sita za kanga mpya na amri moja. "Mzaliwa wa kwanza wa ukoo wetu habebwi kwa kitambaa kilichochoka. Mbeleko ikichakaa, na bahati yake itachakaa. Na hizi zisifuliwe! Kanga yenye dondo lake ndiyo kanga. Mtu akipita, isikike."

"Na ilisikika?" aliuliza Semboja.

Ilisikika, lakini Mgaza ndiye aliyesikika zaidi. Kanga mpya ina dondo, ule ugumu wa kiwandani unaoifanya isimame kama karatasi. Kila Mwanjaa alipomfunga mgongoni, mtoto alijikunja, akapinda shingo, akapiga kelele mpaka jirani akafunga madirisha. Mwanjaa alitaka kuzifua. Bi Somoe akamwambia kwamba hata muuza duka aliyemwuzia, kijana mmoja hodari wa maneno, alisema zisifuliwe, eti dondo humnyoosha mtoto mgongo.

"Jina la huyo muuza duka nani?" aliuliza Nuru, akimrukisharukisha binti yake.

"Limenitoka," alisema Mzee, akaendelea kwa haraka kidogo.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Ndipo Bi Somoe akatoa hukumu, na aliitoa mbele ya Mbaruku. "Mama huyu hajui kubeba. Wiki ijayo namwoza binti yangu hapahapa Pangani, na ukoo mzima utakuwapo. Mtoto akilia siku hiyo, nikirudi Muheza narudi naye. Nitamlea mimi, kwa maziwa ya ng'ombe."

Mbaruku aliangalia ndara zake. Zilikuwa ndara za kawaida tu, lakini aliziangalia muda mrefu.

Kesho yake Mwanjaa akaenda kwa mama yake kulia. Hakuwahi kumaliza kulia, kwa sababu mama yake alimchukua Mgaza, akamtupa mgongoni, akamfunga kanga aliyokuwa amejitanda, akarudi kusonga ugali. Kabla ugali haujaiva, mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yanamtoka.

Mwanjaa akaishika ile kanga. Rangi ilikuwa imepauka, maandishi yamefifia, na ilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Aliijua. Ilikuwa kanga ya ubeleko, ile apewayo mama wa bibi harusi pamoja na mahari, kumshukuru kwa mgongo wake uliombeba binti. Akina Mbaruku ndio walioitoa. Mama aliifua na kuivaa, akaifua tena na kuivaa, mwaka na zaidi. Sasa mama akamshusha mjukuu, akamwinua shingo, akamwonyesha Mwanjaa: chini ya nywele palikuwa na mstari mwekundu, uliochorwa na upindo wa kanga mpya.

"Mama, nipe hii."

"Somoe atakula nyama yako."

"Aanze na mifupa," alisema Mwanjaa.

Siku ya harusi, wanawake wote wa ukoo walivaa sare, kanga za aina moja, mpya kabisa. Mbeleko ya Mgaza nayo ilikuwa sare hiyo hiyo. Bi Somoe aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza. Wakatoka kwa vigelegele, masinia ya zawadi vichwani, na mtaa mzima ukisimama kutazama. Hawajapita nyumba tatu, Mgaza akaanza. Ngoma ilikuwa kubwa, lakini yeye alikuwa mkubwa zaidi. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Bi Somoe akageuka na kunyoosha mikono. "Si nilisema? Mlete huku. Kazi imekushinda."

Mwanjaa hakumleta. Alisimama katikati ya njia, akamfungua mtoto, akaikunja ile sare vizuri na kumwekea Bi Somoe juu ya mikono yake iliyonyooshwa. Kisha akafungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, ndani ya nguo. Watu wakaguna.

"Matambara!" alisema Bi Somoe. "Siku ya mwanangu! Mwanjaa, unatuvua nguo mbele za watu?"

"Itazame vizuri, Shangazi. Mliitoa nyinyi kwa mama yangu. Siku ile ilikuwa heshima, mkaipigia vigelegele. Leo imekuwa matambara?"

"Rudisha sare mgongoni! Mbeleko hii imesifiwa na mji mzima!"

"Mji mzima haujabebwa humo," alisema Mwanjaa. Miguu haikusogea. "Mwulize Mgaza. Mbeleko husifiwa na abebwaye."

Akamtupa mtoto mgongoni na kumfunga. Mgaza akakwama katikati ya kilio, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akalaza shavu. Wanawake walisogea, mmoja akaona ule mstari mwekundu shingoni, akamwonyesha mwenzake. Hapo hakuna aliyeuliza tena nani hajui kubeba.

Bi Somoe naye hakuwa mtu wa kushindwa mchana. Aliizungusha ile sare mpya shingoni mwake, akatangaza kwamba haina ubaya wowote, akaivaa hivyo mpaka jioni. Jioni alikuwa akijikuna kama mbuzi mwenye kupe. Alirudi Muheza peke yake, na kabla ya kuondoka alizitia mwenyewe doti zote sita kwenye beseni la maji.

"Kwa hiyo, wajukuu zangu," alisema Mzee Mwinchande, akipandisha sauti maana binti yake Nuru alikuwa akilia kuliko mwanzo, "mtu asikusifie kitu asichokijua uzito wake. Yule muuza duka alikuwa mjinga, bahati mbaya jina lake..."

"Limekutoka," ilisema sauti mlangoni. "Mimi ninalo."

Bibi yake Nuru alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, anapumua baada ya mwendo. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mzee Mwinchande akageuka kumtazama.

"Mwanjaa?" alisema.

"Miaka hamsini, Mwinchande. Bi Somoe alikufuata hapahapa, kwenye meza hii hii, na kanga shingoni. Nilikuwa nyuma yake, na Mgaza mgongoni. Ulijificha chini ya robota la kanga." Akaingia ndani na kuishika ile kanga ya manjano iliyomfunga mtoto. Ikatoa mlio wa karatasi. "Na leo umewaambia waifue?"

Nuru na Semboja wakamgeukia Mzee. Mzee akazigeukia kanga zake, lakini hazikuwa na msaada.

Bibi akamfungua mtoto, akavua kanga ya begani mwake, iliyopauka mpaka rangi yake haijulikani, akamfunga tena mgongoni mwa Nuru. Kilio kikapungua, kikawa mguno, kikaisha. Katika duka zima ikabaki sauti ya mtoto anayenyonya kidole.

Ndipo Bi Mwanjaa akanyoosha mkono juu ya meza. Mzee Mwinchande akainamisha kichwa mwenyewe, na alipokuwa akivuliwa kofia alisema taratibu, kama mtu anayeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, "Mbeleko husifiwa na abebwaye."