Mfunga Mbwa Mdomo

Mfunga mbwa mdomo asimkamate jirani. Ndivyo alivyowajibu yule mama wa mapokezi mlipomwambia mnataka kuzima maonyo ya seva kwa sababu yanajaza diski, nanyi mkacheka mkidhani anasimulia habari za mbwa wa kwao. Kaeni chini, mafundi wangu vijana. Methali hiyo hatukuirithi kwa mababu. Ilizaliwa katika jengo hili hili, miaka kumi na minne iliyopita, mimi nikiwepo, na kila nikiisikia damu hunichemka. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo kituo chetu cha kuita magari ya wagonjwa kilikuwa na mwaka mmoja tu. Nesi wa zahanati yoyote ya wilaya akipata mgonjwa aliyezidiwa, alibonyeza ombi kwenye simu yake. Ombi likaingia kwenye seva, seva ikatafuta gari lililo karibu, na jina la zahanati likatokea kwenye kioo cha mtumaji wa magari. Mtumaji wa zamu za asubuhi alikuwa Tusekile, mama wa watoto watatu, mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu kali. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa seva, nikiitwa Baba Ambokile kama ninavyoitwa leo.

Seva ile niliiwekea daftari, lile ambalo ninyi mnaliita logi. Kila sehemu ya programu iliandika humo ilichofanya na saa ilipokifanya. Mambo ya kawaida yaliandikwa kwa nyeupe, maonyo kwa njano, makosa kwa nyekundu. Tena kila ombi lilipewa namba ya safari pale mlangoni, na kila sehemu lilikopita iliandika namba ile ile, ili ombi likipotea tujue limeishia wapi. Maonyo ya njano yalipita kwenye kioo kikubwa ukutani, na Tusekile aliyasoma siku nzima. Akiona njano asiyoielewa, alimpigia nesi simu na kumuuliza kama mambo ni salama. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alifanya kwa sababu ana akili.

Basi tukaletewa habari kwamba mgeni rasmi atatutembelea.

Mnajua wenyewe nchi hii mgeni rasmi akija hufanywa nini. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Nyasi zikafyekwa. Bomba la uani lililokauka tangu Pasaka likatoa maji. Mkurugenzi wetu, Bwana Nyagawa, akazunguka ofisi nzima akinusa kama anatafuta panya, mpaka akasimama mbele ya kile kioo cha ukutani.

"Fundi, hizi njano ni za nini?"

"Ni maonyo, Mkurugenzi. Seva inatuambia pale inapotilia shaka jambo."

"Mgeni rasmi ataona tuna matatizo. Zitoe."

"Zinatusaidia, mzee."

"Nimesema zitoe. Nataka kioo kisafi."

Nikazitoa. Sikubishana zaidi ya hapo, na hilo sijisamehe. Nilifungua faili la mipangilio nikabadili mstari mmoja, seva ikawa haiandiki kitu isipokuwa inapokufa kabisa. Nikafuta na namba za safari, kwa kuwa Nyagawa alisema zinafanya mistari iwe mirefu. Kazi ya dakika mbili. Mgeni rasmi alikuja, akaangalia kioo kisafi, akapiga makofi, akala pilau, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kuomba nirudishe mipangilio. Nyagawa akaniambia, "Acha hivyo hivyo, panapendeza." Tusekile alipouliza njano zimekwenda wapi, aliambiwa kwamba mitambo imetengemaa, haina tena haja ya kulalamika. Nilikuwa nimesimama pale pale nikisikia uongo ule, nikanyamaza. Mkinitazama hivyo mna haki.

Wiki tatu zikapita. Jumanne moja, saa tatu na robo asubuhi, nesi Atuganile wa zahanati ya Ikonongo alibonyeza ombi. Alikuwa na mama aliyeitwa Subilaga, uchungu umemkaba tangu alfajiri na mtoto amelala vibaya tumboni. Simu ya nesi ikajibu: ombi limepokelewa. Akamshika mama mkono akamwambia gari linakuja.

Kwenye kioo cha Tusekile hakikutokea kitu.

Dakika arobaini baadaye Atuganile alipata tena mtandao akapiga simu, akauliza gari liko wapi. Tusekile akashtuka. Alituma gari pale pale, akiwa bado na simu sikioni, lakini kutoka mjini hadi Ikonongo ni mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa barabara ile ya milimani. Subilaga alifikishwa hospitali akiwa hai. Mtoto wake wa kiume alizaliwa bila kulia.

Siku ya tatu Nyagawa akaitisha kikao. Walikuwepo wajumbe wa kamati, madereva, nesi Atuganile, na kaka yake Subilaga aliyekaa nyuma bila kuvua kofia. Tusekile aliwekwa kwenye kiti cha peke yake, na barua ya kumfukuza kazi ilikuwa tayari mezani, imeshachapwa. Tena Nyagawa alikuwa amekwisha kusema kwamba baada ya kufukuzwa, suala lake litapelekwa polisi.

Nyagawa akasimama. "Ombi lilipokelewa, nesi anao ujumbe kwenye simu yake. Mtambo wetu ni mzima. Fundi, fungua daftari la Jumanne, wajumbe waone."

Nikafungua. Daftari la Jumanne lilikuwa tupu toka juu hadi chini.

"Mmeona?" akasema Nyagawa. "Hakuna kosa hata moja. Mtambo haukukosea. Basi aliyekosea ni mtu, na mtu mwenyewe ni huyu. Ameliona ombi akalipuuza."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Nilimwona mmoja akifungua kalamu. Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke, maana mimi pekee katika chumba kile nilijua ule utupu umetoka wapi.

Tusekile akainua mkono. Hakulia. Alikuwa na hasira iliyomkausha sauti.

"Naomba nimuulize fundi. Baba Ambokile, Jumanne asubuhi nilituma magari mangapi?"

"Manane," nikasema.

"Una uhakika?"

"Madereva hawa hapa. Na wagonjwa wako wodini."

"Hayo manane yameandikwa kwenye daftari lako?"

Nikatazama kioo, ingawa nilikuwa najua. "Hayamo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi na hayo sikuyatuma? Hawa madereva waliota ndoto?" Akageuka kwa Nyagawa. "Mkurugenzi, daftari lisiloandika gari lililokwenda, utalitumiaje kunihukumu kwa gari ambalo halikwenda?"

"Usinipandishie sauti, Bi Tusekile."

"Nitapandisha! Mmenitaja kuwa muuaji mbele ya ndugu wa marehemu, nami ninyamaze? Kioo kile kilikuwa kinasema. Mkakinyamazisha kwa ajili ya mgeni, mkanidanganya kwamba kimepona. Kwetu mtu akimfunga mbwa wake mdomo ili asiwabughudhi wageni, kisha kuku wakaibwa, hatoki na rungu kwenda kumkamata jirani akisema mbwa hakubweka, kwa hiyo mwizi ni mtu anayemfahamu. Mfunga mbwa mdomo asimkamate jirani!"

Kaka yake Subilaga akavua kofia.

Ndipo nami nikapata ulimi. Nilisimama nikasema yote: mstari nilioubadili, siku niliyoubadili, na nani aliniamuru. Nyagawa akafoka kwamba namsingizia. Nikamwambia faili la mipangilio linaonyesha tarehe, na tarehe ni ya kuamkia siku ya mgeni wake. Akakaa.

Wajumbe waliniagiza nirudishe kila kitu mbele ya macho yao. Nikarudisha njano, nikarudisha namba za safari. Kisha tukamwomba Atuganile aeleze alichobonyeza asubuhi ile, hatua kwa hatua, naye akabonyeza tena vile vile. Akaeleza kwamba saa tatu na dakika tano aliomba gari kwa ajili ya mzee aliyeanguka kutoka kwenye paa, lakini wanawe wakapata pikapu, akalifuta ombi. Dakika kumi baadaye akaomba kwa ajili ya Subilaga.

Tukatazama ukutani. Ombi la kwanza likapita na namba yake, likafutwa. La pili likaingia mlangoni likapewa namba. Sehemu ya kupokea maombi ikaliandika. Sehemu ya kugawa magari ikaliandika, kisha ukatokea mstari wa njano: ombi kutoka simu ile ile ndani ya robo saa, limehesabiwa kuwa marudio, limewekwa pembeni pamoja na la kwanza. Baada ya hapo namba ile haikuonekana tena popote.

Sheria ya robo saa tuliiweka wenyewe, maana mtandao ukisuasua manesi hubonyeza mara mbili. Mstari wa njano tuliuweka ili mtu aone na kuuliza. Tusekile angeona, angepiga simu saa tatu na dakika kumi na sita. Gari lingekwenda dakika arobaini mapema. Seva ilitaka kusema asubuhi ile, nami ndiye niliyeizuia.

Nyagawa akaichana barua akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nusura nimrukie. Tusekile akamwambia kwa upole wa kutisha, "Si ndwele kwako, mzee. Nenda Ikonongo ukamweleze mwenye mtoto."

Nyagawa hakwenda. Alihamishwa mwezi uliofuata na sijui aliko, wala sitaki kujua. Nilikwenda mimi. Subilaga alikuwa amekaa kizingitini, kanga kifuani imelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Nikamweleza habari za kioo, za njano na za mgeni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Hiyo njano, baba, ilikuwa inamuumiza nani?"

Niliondoka na swali hilo. Ninalo hadi leo.

Kaka yake ndiye aliyeyasambaza maneno ya Tusekile, Ikonongo na kata za jirani. Wanamwambia mwenyekiti anayekataza watu kusema kikaoni kisha akalaumu vijana kwa hasara ya kijiji. Wanamwambia mzazi anayempiga mtoto kwa kusema ukweli. Na mama wa mapokezi amewaambia ninyi, kwa kuwa mlikuja kucheza na maonyo kana kwamba ni takataka za diski. Diski ikijaa, omba nyingine. Ukishindwa kuomba, njoo kwangu nikaombe mimi.

Mfunga mbwa mdomo asimkamate jirani. Na kamba niliishika mimi, kwa mikono hii.