Chumba cha Bi Otilia

Sogeeni karibu. Nina kesi imenishinda, labda nyinyi mtaiweza.

Kwenye kambi moja ya wapiga mbizi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, walifanya kazi watu watatu. Yustina alikuwa na macho: alikaa mtumbwini kutwa akitazama mapovu ya walio chini. Festo alikuwa na pumzi. Mtungi mmoja wa hewa ulimtosha pale wengine walipotaka miwili. Kandidus alikuwa na mikono isiyojua kukata tamaa. Wote watatu hawakuwa na kwao. Yustina alilala stoo, katikati ya mitungi, na upweke ulimuuma hasa jioni, alipokosa hata wa kumwambia "lala salama."

Siku Bi Otilia, muuguzi mstaafu wa kijiji cha jirani, alipotimiza miaka sitini, wanawe walipiga simu, hakuna aliyekuja. "Basi nitakwenda kuwaona samaki," akasema, akaja kambini, akavaa mtungi, akashuka na Festo. Huko chini akamwona samaki mama akiwakusanya watoto wake kinywani ili kuwaficha. Akaduwaa, akasahau kumfuata kiongozi wake. Alipogeuka yuko peke yake, na wavu wa zamani umemnasa mguu.

Yustina aliona mapovu yamesimama mahali pamoja, tena yanapungua. "Festo! Bibi amenasa, pale kwenye mwamba!" Yeye mwenyewe hajui kuogelea.

Festo, aliyekuwa ameibuka kumtafuta, alirudi chini na hewa kidogo iliyobaki. Akaukata wavu, akamtia Bi Otilia mpira wake wa hewa mdomoni, yeye akapanda bila kitu. Lakini bibi alikuwa amekwisha kumeza maji. Alifika juu hapumui.

Kandidus, aliyekuwa akishika kasia, alimvuta mtumbwini, akamkandamiza kifua, akampulizia kinywani. Ufukweni watu wakaanza kuangua kilio. "Nyamazeni!" akafoka, akaendelea mpaka bibi akakohoa.

Wiki iliyofuata Bi Otilia aliwaita, akaweka ufunguo mezani.

"Chumba cha wanangu kimekaa kitupu miaka kumi na mmoja. Nimechoka kusonga ugali wa mtu mmoja. Nataka mtoto wa kuishi naye, lakini nguvu zangu ni za mtoto mmoja tu."

"Nilikupa hewa yangu, mama," akasema Festo.

"Uliyempandisha alikuwa maiti, ndugu yangu," akajibu Kandidus. "Mimi ndiye niliyemrudisha."

Yustina alikitaka chumba kile hata akaogopa kufungua mdomo, asije akalia.

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nilitazama tu," akasema.

Bi Otilia ameshindwa kuchagua, nami nimeshindwa. Je, wewe unayesikiliza, ufunguo ule ungempa nani?