Mfuko wa Mgeni Juu ya Meko

Hadithi hii nimeipata kwa shemeji yangu, naye aliipata kwa mtu wa kazini kwao. Isome bila haraka, kisha mpelekee mtu yeyote anayeipenda kazi yake kiasi cha kutotaka iguswe. Wako wengi, na mimi ni mmoja wao.

Palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo huko nyanda za juu kusini, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia ofisini bila kubisha hodi. Mkuu wake alikuwa Profesa Kapinga, mzee mwembamba, mpole wa sauti lakini si mpole wa kalamu. Kituo kilikuwa kidogo na vifaa vyake vilikuwa vya zamani. Hata hivyo vituo vikubwa vilikionea wivu kwa jambo moja: makala iliyotoka pale kwenda kwenye jarida la kisayansi haikuwahi kurudi na aibu.

Sababu ilikuwa desturi yao moja waliyoiita kuanika. Mtafiti akimaliza kuandika mswada, hautumi. Anauchapa, anatandaza kurasa zake kwenye meza ndefu ya ukumbini, anaweka kalamu nyekundu pembeni, anaondoka. Kila anayepita anaruhusiwa kusoma na kuandika lolote. Mhasibu aliwahi kuandika, "Sentensi hii imenichosha," na sentensi ikafupishwa.

Mwisho kabisa, mswada ulihitaji saini moja ya kuuruhusu uende. Hapo ndipo penye kazi, maana Profesa alikuwa na sharti lake: saini hiyo haitoki kwa rafiki.

"Itoke kwa mtu ambaye ukianguka hatalia," alisema.

Wageni waliona ni ukatili. Wenyeji nao waliona ni ukatili, ila walikuwa wameuzoea.

Kituoni hapo alikuwapo mtafiti aitwaye Dokta Tusekile. Alikuwa binti wa mkulima, na alikua akimwona mama yake anavyonyamaza pale anapofungua gunia la mahindi katikati ya masika na kukuta fukusi wamebakiza vumbi. Ukimya ule ndio uliompeleka shule. Akaapa kutafuta kitu cha kuokoa mahindi ya mtu asiye na uwezo wa kununua dawa ya dukani.

Akakipata, au alidhani amekipata. Yalikuwa majani ya kichaka fulani cha porini. Jina lake silitaji, msije mkakimaliza. Aliyakausha, akayasaga, akayachanganya na mahindi. Kisha akaenda kijiji kimoja na kuiachia kila kaya mifuko miwili: mmoja wenye majani, na mwingine wa mahindi matupu, wa kulinganishia.

Msimu ulipokwisha alirudi kufungua mifuko. Mahindi yenye majani yalikuwa mazima kama yamevunwa jana. Mahindi matupu yalikuwa matundu na unga. Kaya ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, mpaka ya mwisho. Tusekile alilia mbele ya wenyeji wake, wala hakuona haya.

Akakaa chini kuandika. Aliandika vizuri, lazima niseme kweli. Ikisiri ilikuwa fupi na safi, majedwali yalisomeka, marejeo yalipangwa kama jarida lilivyotaka, nukta kwa nukta. Tena aliandika mbio, kwa sababu mbili. Kwanza, kulikuwa na fununu kwamba watafiti wa nchi nyingine wanayachunguza majani hayohayo, na katika mambo haya jina huandikwa kwa anayetangulia. Pili, kiti cha mkuu wa kitengo cha hifadhi ya nafaka kilikuwa wazi. Makala ile ikitoka, kiti ni chake.

Mtu mwingine aliyekitaka kiti hicho alikuwa Dokta Lwitiko. Wawili hao walisalimiana kwa adabu kila asubuhi na hawakuongeza neno.

Sasa kisia nani alitakiwa kutia saini ya mwisho.

Siku ya kuanika, ukumbi ulijaa sifa. Mmoja aliandika pembeni, "Hongera sana." Mwingine, "Hii itatutoa." Lwitiko alikuja wa mwisho, akavuta kiti, akasoma tangu kichwa cha habari hadi marejeo. Kisha akainua macho.

"Dokta, hii mifuko ilikaa wapi?"

"Ndani ya nyumba," Tusekile alijibu. "Nimeandika hapo."

"Nyumba ina pembe nyingi. Ndani wapi?"

"Dokta Lwitiko, kama una hoja ya kisayansi, itoe."

"Ndiyo hiyo nimeitoa. Mimi na wewe tumezaliwa hukuhuku. Mgeni msomi akikuletea mfuko, akakwambia una dawa, utauweka chini?"

Tusekile akauvuta ukurasa wa maelezo ya mifuko, akausoma upya.

"Utauweka mahali pa heshima," Lwitiko akaendelea. "Na kwa mahindi, mahali pa heshima ni uchagani, juu ya meko, pale tunapotunza mbegu. Panapopita moshi kutwa. Sasa sijui kama fukusi walikimbia majani au walikimbia moshi. Na wewe hujui. Sitasaini."

Akaweka kalamu, akatoka. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioudhi.

Tusekile alikwenda kwa Profesa akiwa amewaka.

"Anataka kiti, Profesa. Kila mtu anajua."

"Inawezekana."

"Basi utamwacha anizuie?"

"Mwanangu, nia yake ni yake, atajuana nayo," Profesa alisema. "Mimi nakuuliza habari ya moshi. Ulikuwapo au haukuwapo?"

Tusekile akafunga safari kurudi kijijini, akiomba njia nzima kwamba Lwitiko awe amekosea. Alifikia kwa Mama Subilaga, mwenyeji wake wa kwanza, ambaye alishangaa hata kuulizwa.

"Sasa mwanangu, dawa yako tungeilaza chini kama viazi? Tuliipandisha uchagani. Nilishusha mbegu zangu mwenyewe nikakupisha wewe."

"Na ule mfuko mwingine, mama?"

"Si ulituambia hauna kitu? Tuliuweka kule kwa kuku."

Kaya ya pili ilimpa jibu hilohilo. Ya tatu pia. Watu wale hawakumkosea chochote. Walimheshimu, na heshima yao ndiyo iliyouharibu utafiti wake wote. Tusekile alicheka huku machozi yakimtoka, na Mama Subilaga akamletea maji ya kunywa akidhani safari imemchosha.

Aliporudi kituoni alifungua kompyuta. Kwenye tovuti ya jarida kila kitu kilikuwa tayari: mswada, picha, barua kwa mhariri. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kutuma. Na jarida halikuijua ile saini ya kituoni. Ilikuwa desturi yao tu, ya meza yao tu. Nani angejua habari za uchaga wa Mama Subilaga?

Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Akakumbuka ukimya wa mama yake mbele ya gunia. Kuna mama mwingine mahali fulani ataisikia habari hii, atachanganya majani, ataweka mahindi yake sakafuni na kulala kwa amani. Tusekile akaifunga kompyuta, akaenda kuomba msimu mwingine.

Safari hii kila kaya ilipewa mifuko minne. Wenye majani uchagani, wenye majani sakafuni, mtupu uchagani, mtupu sakafuni. Mama Subilaga alinung'unika kwamba sakafuni ni kumdharau mgeni, lakini akakubali, na mwenyewe akawa anapita nyumba hadi nyumba kuhakikisha hakuna anayeuinua mfuko kwa huruma.

Msimu ukiwa katikati, pigo likaja. Wale watafiti wa nchi nyingine walitoa makala yao. Majani yaleyale, matokeo yaleyale, sifa tele. Redio zikatangaza. Tusekile alimkuta Lwitiko kwenye korido.

"Umefurahi?" akamuuliza.

"Hapana," alisema Lwitiko. "Lakini hata wao sijaona walipoandika mifuko ilikaa wapi."

Tusekile hakulala vizuri siku zile, wala sitamsifu kwamba alikuwa mvumilivu. Alinuna. Aliacha kunywa chai na wenzake. Lakini kazi hakuiacha, na mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mifuko ikafunguliwa. Uchagani, mahindi yote yalikuwa mazima, yenye majani na yasiyo na majani. Sakafuni, yote yalikuwa yameliwa, yenye majani na yasiyo na majani. Majani aliyoyapenda miaka yote hayakuwa na kazi yoyote. Moshi ndio uliolinda.

Akaandika upya. Ile sentensi ngumu aliiweka mwanzoni kabisa, bila kuizungusha: majani tuliyoyaamini hayakufanya kazi, na sisi wenyewe nusura tuseme yamefanya. Akaeleza habari ya uchaga, na jinsi heshima ya mwenyeji kwa mgeni inavyoweza kumpotosha mtafiti. Akauanika. Lwitiko akavuta kiti, akasoma, akachukua kalamu, akasaini.

"Nataka jina lako liwemo kwenye waandishi," Tusekile akamwambia. Ilimgharimu kulisema.

"Sikulima, siwezi kuvuna," Lwitiko alijibu. "Ukitaka, niweke kwenye shukrani, kule mwisho ambako hakuna anayesoma."

Mswada ukatumwa. Ukaja ule muda wa kungoja ambao kila aliyewahi kutuma makala anaujua, wa kufungua barua pepe kila saa kama mtu anayechungulia chungu cha maharage.

Jibu lilipofika, Profesa aliwaita wote ukumbini, akasimama penye meza ndefu, akavaa miwani. Mhariri aliandika kwamba makala imekubaliwa. Kisha akanukuu maneno ya mhakiki mmoja, ambaye kwa kawaida jina lake hufichwa, lakini huyu aliomba mwenyewe litajwe.

Alikuwa kiongozi wa wale watafiti wa nchi nyingine waliotangulia.

"Tumesoma mswada huu tukarudi vijijini kwetu kuuliza," Profesa akasoma. "Kumbe hata kwetu mgeni huheshimiwa. Mifuko yetu yote ya majani ilikaa juu ya moto. Tumeomba makala yetu ifutwe. Sisi tuliwahi. Ninyi mmefika."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, nadhani ni yule mhasibu. Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kituo kile kidogo, chenye mizani ya zamani na paa linalovuja, kilikuwa kimesema kweli kabla ya wakubwa. Na kila aliyekuwapo alijiona mrefu kidogo siku ile, hata wale walioandika "Hongera sana" pembeni ya mswada wa kwanza.

Tusekile alikwenda kijijini kuwasomea kwa lugha yao. Mama Subilaga alisikiliza hadi mwisho, akatazama juu kwenye dari yake nyeusi kwa masizi.

"Kwa hiyo sasa moshi wetu una cheti," alisema, na siku hiyo hakuna aliyetoka kwake bila kula.

Kiti cha mkuu wa kitengo alipewa Tusekile. Profesa alimwita Lwitiko pembeni, akamuuliza kama mtu amuulizavyo mwanawe.

"Ulikuwa unakitaka?"

"Nilikitaka sana, Profesa. Hata sasa nakitaka. Ila nilitaka kumshinda amesimama. Kumpita ameanguka, hicho si kiti ambacho ningekalia."

Asubuhi iliyofuata Tusekile alipoingia ukumbini alikuta kurasa mpya zimetandazwa mezani. Ulikuwa mswada wa Lwitiko, kazi yake ya miaka. Mwenyewe alikuwa amesimama kando, kalamu nyekundu mkononi, akimwelekezea yeye.

"Saini ya mwisho ni yako," alisema. "Usinionee huruma."

Tusekile alivuta kiti, akasoma tangu kichwa cha habari hadi marejeo. Kisha akainua macho.

"Dokta," akasema, "hebu kaa. Hili jedwali la pili nina swali nalo."

Na Lwitiko, aliyekuwa hajatabasamu ukumbini humo kwa misimu mingi, akatabasamu, akavuta kiti akakaa.

Funzo: Rafiki atakushangilia ukitoka na nguo iliyopasuka mgongoni, lakini anayekupinga kwa haki atakwambia geuka ushone. Kabla hujaipeleka kazi yako kwa dunia, mpe kwanza huyo aisome, na siku yako ya kuombwa ikifika, usimnyime kweli.